Msaidizi Mwenye Jogoo

Kila asubuhi ya likizo ile ya Aprili, Lynnet aliogesha viti. Ndivyo alivyoiita kazi yenyewe, kwa dharau. Vilikuwa viti mia tatu vya plastiki, vyote vya buluu, vyote vimerudi kutoka matangani na harusini na matope hadi kwenye makalio. Alivisugua kwa brashi nyuma ya duka la mama yake mjini Awendo, huku matrekta ya miwa yakipita barabarani yakidondosha muwa mmoja mmoja na watoto wa jirani wakikimbilia kuokota. Lynnet hakukimbilia. Alikuwa Gredi ya Nane, wa kwanza darasani katika Kiingereza, na aliamini kabisa kwamba mtu wa aina yake hakuzaliwa kushika brashi.

Kama dharau ingekuwa somo, Lynnet angepata alama zote. Aliwadharau wateja waliokuja dukani na malapa. Aliwadharau wazee waliopiga simu wakipaza sauti kana kwamba wanamwita mtu ng'ambo ya mto. Alimdharau hata Mama Bitutu, mwuza karanga wa mlango wa pili, aliyemlisha karanga bure tangu akiwa na meno mawili. Mtoto mwenyewe alikuwa na miaka kumi na mitatu, na alama ya maziwa mdomoni haijakauka vizuri.

Mama yake, Kezia, hakuwa na muda wa dharau. Biashara yake ya kukodisha mahema na viti ilikuwa imemwelemea. Kutwa alikuwa uwanjani, nyundo mkononi, akigongelea vigingi Rongo leo na Oyugis kesho, na simu ikilia ndani ya mkoba bila wa kuipokea.

"Wiki hii wateja wanne wameenda kwa watu wengine," alisema jioni moja akivua buti. "Nahitaji msaidizi wa mtandaoni. Mtu akae kwake, popote alipo, apokee ujumbe wa wateja, aandike siku na mahali, kisha jioni anitumie orodha."

Tangazo lilipotoka, watu watatu walijitokeza. Wa kwanza, Mochama, aliuliza kama kazi ina chakula cha mchana. Alisahau kwamba angekuwa anafanyia kazi nyumbani kwake. Huyo aliondolewa siku hiyohiyo. Wakabaki wawili: Wesley wa Nairobi na Nyamusi wa Ntimaru.

Kezia aliamua kuwajaribu. Alimwomba Mama Bitutu ajifanye mteja aliyefiwa, atume ujumbe wa sauti. Mama Bitutu alikataa katakata kumuua mume wake hata kwa maigizo, kwa hiyo alimuua shemeji ambaye hakuwahi kuzaliwa.

"Haro," alisema kwenye simu ya duka, karanga bado mdomoni na kila l ikigeuka r kama kawaida yake. "Shemeji yangu ametutoka. Nataka hema moja na viti mia. Ni hii wiki. Tafadhari msinichereweshe."

Kezia alimgeukia binti yake. "Umeona? Hakutaja siku. Hapa kwetu ukisema matanga, kila mtu anafikiria Jumamosi. Lakini Wasabato hawaziki Jumamosi, na wateja wetu nusu ni Wasabato. Msaidizi mzuri lazima aulize. Mimi kesho niko Homa Bay kutwa. Wewe shika simu ya duka, uniandikie mambo mawili tu: nani alimpa pole mfiwa, na nani aliuliza siku."

"Hiyo ni kazi ndogo, mama," Lynnet alisema. Kazi kubwa zenyewe hakuwa amewahi kuifanya hata moja.

Siku iliyofuata Lynnet aliwatumia wote wawili sauti ile, akaandika jina lake chini, na Wesley alijibu kabla dakika haijaisha. Aliandika, hakusema. Herufi zake zilikuwa zimepangika, na chini aliweka picha ya maputo ya rangi saba. "Ndugu mteja, hongera kwa sherehe yako! Hema lako litafika Jumamosi asubuhi. Asante kwa kutuchagua." Kisha alimwandikia Lynnet peke yake: "Vipi, Meneja Lynnet? Nimeona biashara yenu ina mtu makini."

Meneja! Neno hilo lilimlevya mtoto wa watu. Aliangalia picha ya Wesley: suti nyeusi, tai nyembamba, nyuma yake ukuta wa vioo. Huyo ndiye mtu wa kufanya naye kazi, alijiambia. Hakujiuliza ni mfiwa gani anayepewa hongera.

Nyamusi alichelewa karibu robo saa, kisha akajibu kwa sauti. Lynnet alipofungua, kitu cha kwanza kusikika kilikuwa jogoo. Aliwika mara mbili, akafuata ng'ombe, kisha ndipo mwanamke akasikika akisafisha koo. "Mama, shikamoo. Pole sana..." Lynnet alifunga hapohapo, akacheka mpaka machozi yakamtoka. Katika picha yake, Nyamusi alisimama kando ya ghala la mahindi akiwa amevaa gambuti, mabuti ya mpira ya shambani.

"Msaidizi wa mtandaoni mwenye jogoo!" alijisemea. "Akiongea na wateja wetu watadhani wamepigia zizi."

Kezia aliporudi jioni, miguu ikimuuma, aliuliza habari za jaribio.

"Wesley ni moto, mama. Alijibu kwa dakika moja."

"Alimpa pole?"

"Ndiyo."

"Aliuliza siku?"

Lynnet aliinua ndoo ya maji bila sababu, akaiweka chini tena. "Ndiyo, aliuliza."

"Na yule wa Ntimaru?"

"Hakujibu."

Kezia alitikisa kichwa. "Kwaheri yake basi. Mpe Wesley kazi."

Kwa wiki mbili mambo yalionekana kwenda sawa. Wesley alituma mabango yenye maua na nyota, na Lynnet aliwaonyesha rafiki zake akisema, "Huyu ni mtu wetu wa Nairobi." Orodha zilifika kila jioni, fupi kidogo, lakini zilifika. Wateja waliokuwa wakiandika walihudumiwa. Kwamba wateja wengi wa mama yake hawaandiki bali wanasema, Lynnet alijua vizuri sana. Aliamua tu kutojua.

Jumatano moja, saa tatu asubuhi, mawingu yakiwa yamejaa, simu ya Kezia mwenyewe ililia. Alikuwa Mzee Zablon wa Rangwe, mteja wa miaka mingi. Sauti yake ilikuwa kubwa kiasi kwamba Lynnet aliisikia kutoka kwenye viti vyake.

"Min Lynnet," alisema, yaani Mama Lynnet kwa Kijaluo, "nimekukosea nini?"

"Mzee, kuna nini?"

"Mke wangu kufa ni sherehe?"

Kezia aliketi juu ya kiti chenye povu.

"Jumapili nilituma sauti kwa namba yenu," Mzee Zablon aliendelea. "Nilisema mama wa watoto ametuacha. Mwili unatoka mochari Jumatano saa tisa, tunazika Alhamisi, sisi ni Wasabato. Nikaomba mahema mawili na viti mia mbili. Jibu likaja. Mjukuu wangu akanisomea mbele ya watu wote: 'Hongera kwa sherehe yako! Hema lako litafika Jumamosi asubuhi.' Na maputo, Kezia. Maputo! Ndugu za mke wangu wananitazama kama mtu aliyefurahi. Nikasema huyu si Kezia ninayemjua, atarekebisha. Nimengoja siku tatu. Sasa mvua hii hapa inakuja, na mke wangu atarudi nyumbani anyeshewe kama gunia la chumvi."

"Mzee, mos. Mos ahinya," Kezia alisema, akimpa pole sana kwa Kijaluo. "Mahema yatafika kabla ya saa tisa. Hata kama nitayabeba kichwani."

Alipokata simu alimpigia Wesley. Simu iliita mara tano.

"Sauti?" Wesley alisema, akicheka kidogo. "Mimi huwa sisikilizi sauti, madam. Zinapoteza muda. Nina biashara tisa hapa mkononi. Jibu linajituma lenyewe. Waambie wateja wako wajifunze kuandika."

"Na Jumamosi uliitoa wapi?"

"Kwani huko kwenu hamziki Jumamosi?"

Kezia alikata simu. Aliiweka simu juu ya meza taratibu, kama mtu anayeweka yai viza, akaanza kuzunguka duka. Hema moja kubwa na lile la pili lenye mapazia, yote mawili, yalikuwa Ntimaru kwenye semina ya kanisa iliyokwisha jana. Mafundi walikuwa waende kuyang'oa kesho. Dukani lilikuwa limebaki hema dogo lenye tundu.

"Lori likifika Ntimaru ni saa tano," alijisemea. "Kuyang'oa mahema mawili ni saa mbili nzima. Saa saba ndiyo tutoke. Hatuwezi kuwahi Rangwe. Ningekuwa na mtu mmoja tu kule wa kuyateremsha sasa hivi! Lakini Ntimaru simjui mtu wa kumtuma; hata yule aliyeomba kazi hakutujibu." Kisha akamtazama binti yake. "Na huyu Wesley alikuwa ameuliza siku vizuri kwenye jaribio. Sijui nini kimemharibu."

Mlango wa kutokea ulikuwa wazi. Lynnet angenyamaza tu, na uongo wake ungezikwa pamoja na mke wa Mzee Zablon, bila mtu kujua. Alimjua mtu wa Ntimaru. Alikuwa na namba yake. Lakini hakuna njia ya kumtaja Nyamusi bila kujitaja yeye mwenyewe.

"Mama," alisema, akiweka brashi chini. "Nyamusi yuko Ntimaru. Alijibu siku ile. Mimi ndiye nilisema hakujibu. Na Wesley hakuuliza siku. Wala hakutoa pole."

Kezia aliondoa macho kwake, akanyosha mkono. Lynnet angependelea kupigwa.

"Lete simu ya duka," mama alisema.

Wakaisikiliza ile sauti, safari hii mpaka mwisho. Jogoo aliwika, ng'ombe akalia, kisha Nyamusi akasema: "Mama, shikamoo. Pole sana kwa kumpoteza shemeji. Samahani nimechelewa kukujibu, nimekusikiliza mara mbili ili nisikosee. Hema moja, viti mia, wiki hii. Hukutaja siku. Mtazika lini, na nyinyi ni watu wa kanisa gani, ili tusije tukawaletea vitu Jumamosi na nyinyi mnaabudu? Na mtu akitoka mochari anafika nyumbani saa ngapi? Hema lazima limtangulie. Nisamehe pia kwa jogoo, hana adabu."

Mama Bitutu, aliyekuwa amekuja mlangoni kwa sababu ya kelele, alipiga makofi mara moja. "Huyo ndiyo mtu!" alisema. "Kumbe alinijibu, na nyinyi mkanificha?"

Kezia alimkabidhi Lynnet simu. "Mpigie. Kwa mdomo huohuo."

Nyamusi alipokea mara moja. Lynnet alianza kwa Kiingereza kwa mazoea, akakwama, akarudi kwenye Kiswahili. Alisema jina lake. Akasema kwamba alikuwa amemsingizia kuwa hakujibu, kwa sababu ya jogoo na gambuti, na kwamba anaomba radhi. Kisha akaeleza habari za mahema na za Mzee Zablon.

"Mahema yako kanisa lipi?" Nyamusi akauliza.

Lynnet akamwambia.

"Hayo ya uongo tutayaongea siku nyingine. Sasa kuna mtu amefiwa. Nipe namba ya huyo mzee, na mwambie dereva asisimame njiani kunywa chai."

Kezia alimpandisha Lynnet kwenye lori pamoja na dereva, Bonface, na mafundi wawili. Yeye alibaki kutayarisha viti ili lori livichukue likirudi. Walipita Migori, wakapita Isebania kwenye foleni ya malori na wabadilisha fedha, wakakunja kuelekea Ntimaru. Njia nzima Lynnet alijiandaa kumkuta mwanamke wa kuchekwa. Mazoea mabaya hayafi kwa saa mbili.

Alimkuta mwanamke mwembamba wa miaka kama ishirini na mitano, amevaa gambuti lilelile, amesimama kando ya barabara na vijana sita wa kanisa. Mahema yote mawili yalikuwa chini, yamekunjwa. Nguzo zilikuwa zimefungwa kwa kamba, ndefu kivyake na fupi kivyake. Vigingi vilikuwa ndani ya gunia, na juu ya gunia kuna kipande cha boksi kilichoandikwa: arobaini na nane, hakuna kilichopotea.

"Wewe ndiye Lynnet?" Nyamusi aliuliza.

"Ndiyo, dada."

"Shika upande ule tupakie."

Lynnet alishika. Hakuambiwa neno lingine, na hiyo ilimuuma kuliko kutukanwa.

Saa tano na nusu lori liliondoka. Nyamusi alibaki palepale na simu yake, na ndipo Lynnet alipojifunza msaidizi wa mtandaoni ni nini. Kila mji, Nyamusi alimpigia Bonface kwanza, kisha akampigia Mzee Zablon. "Mzee, wamevuka Isebania." "Mzee, wako Migori." Awendo walipakia viti na Kezia akapanda. "Mzee, wamepita Rongo. Waambie vijana wachimbe mashimo ya nguzo, kumi na mbili, lori likifika tusianze mwanzo." Mzee aliyekuwa akingurumia watu asubuhi alianza kujibu kwa utulivu, akimwita mwanangu kwa Kijaluo. "Haya, nyathina. Tunachimba."

Walifika Rangwe saa tisa kasoro dakika kumi. Mashimo yalikuwa tayari. Watu wa boma walilizingira lori, wakashusha mizigo, wakaanza kusimamisha nguzo, na Lynnet alipanga viti vyake vya buluu safu kwa safu. Viwili vilikuwa bado na matope aliyoyaacha asubuhi kwa uvivu. Alivifuta kwa sketi yake mwenyewe. Pazia la mwisho lilifungwa matone mazito yakianza kudunda juu ya turubai, na dakika chache baadaye gari la mochari likaingia boma likifuatwa na kilio. Mke wa Mzee Zablon alishushwa chini ya hema, na hakuna tone lililogusa jeneza lake.

Mvua ilipopungua, Mzee Zablon alimwita Kezia. Macho yake yalikuwa mekundu. "Nimewaambia ndugu za mke wangu kwamba si wewe uliyeandika mambo ya sherehe. Lakini wananiuliza, ni nani?"

"Kosa ni langu, mzee," Kezia alianza. "Biashara ni yangu."

"Si lake," Lynnet alisema. Watu waligeuka. "Mama alinituma nimchunguze msaidizi. Mimi nilimdanganya. Nilimchagua yule wa maputo kwa sababu aliniita meneja, na nikamwacha yule aliyekuwa akikupigia simu leo, kwa sababu nilisikia jogoo wake nikamcheka. Nisamehe, baba."

Mzee alitoa leso mfukoni. "Huyo msichana wa simu," alisema, "alinipigia mara saba leo. Kila mara alianza kwa kuniuliza kama nimekula. Watoto wangu wa kuzaa hawajaniuliza." Alipangusa uso kwa leso. "Kaa, nyathina. Kunywa chai kwanza. Lakini usisahau kwamba ulinifanya nionekane mtu aliyefurahi."

Lynnet aliipokea ile chai kwa mikono miwili.

Njiani kurudi Awendo, Kezia alimwandikia Wesley ujumbe mfupi kwamba kazi imekwisha. Jibu lilirudi papo hapo, lenyewe, na maputo yake: hongera kwa sherehe yako, asante kwa kutuchagua. Bonface alicheka hadi akapunguza mwendo. Kezia hakucheka.

"Nisikilize vizuri, mwanangu," alisema. "Mdharau mwiba mguu huota tende. Umedharau watu mpaka ukaamini kuwa kudharau ni akili. Huyo wa suti na wewe ni mmoja: hakusikiliza sauti ya mzee, na wewe hukusikiliza ya Nyamusi. Tofauti ni kwamba yeye hakujua alichokipuuza, wewe ulijua, ukanidanganya ili dharau yako ishinde. Mtu mwenye shida hataji shida yake kwa herufi nzuri. Hutaja vile anavyoweza. Anayemhudumia lazima awe na subira ya kumsikia mpaka mwisho, na awe mkweli anapopeleka habari. Ukikosa hayo mawili, hata kuogesha viti hujafaa."

"Nimesikia, mama."

"Bado. Utasikia kuanzia kesho."

Na kweli, kuanzia kesho yake Nyamusi alikuwa msaidizi wa duka, na sharti lake la kwanza halikuhusu mshahara. Alitaka kila jioni ya likizo Lynnet asikilize naye kwenye simu sauti zote za wateja, moja baada ya nyingine, mpaka mwisho, ndipo aandike alichosikia. Akikosea, alianza upya. Jioni ya kwanza zilikuwa kumi na tisa, na Lynnet alikosea ya pili, ya tano na ya nane.

Walipofika ya kumi na tisa, jogoo wa Ntimaru aliwika katikati ya maneno ya mteja.

"Nisamehe," Nyamusi alisema. "Umesikia alichosema?"

"Sijasikia vizuri, dada," Lynnet alijibu, akavuta daftari karibu. "Tuirudie tangu mwanzo."